Mashini Niliyobeba Mgongoni

Sikumlilia Mama Kanyere mpaka nilipoiona mashini yake. Nilikuwa nimefika Beni asubuhi kwa matanga, kule kwa mtoto wake wa kwanza katika komini ya Ruwenzori, nikapeana mikono na watu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikapewa chai, na macho yangu yalikuwa makavu kabisa mpaka nikajishangaa. Kisha nikasikia nyimbo za misa zikitoka kwenye bafle chini ya turubai. Nikafuata waya kwa macho, na mwisho wa waya ilikuwa pale juu ya kigoda, laptop ya zamani, kioo chake kimeshikwa kwa uzi mweusi nilioufunga kwa mikono yangu. Hapo nililia. Wanawake wa pembeni wakanishika mabega wakasema, "Pole, mama, pole." Sikuwaambia kwamba nalilia mashini. Na pengine si kweli kabisa, Mama Kanyere naye alikuwa ndani ya kilio hicho, lakini sitaki kuandika kwamba alipata machozi mengi kuliko yale aliyoyapata. Nilipofuta uso nikaona ni nani amekaa karibu na kigoda, anapunguza sauti ya wimbo kwa kidole kimoja bila hata kuangalia. Alikuwa Kavira. Amenenepa, amevaa miwani, na kidole kile bado hakihitaji macho. Miaka yote hii imepita, na kitu kile kile kikanishika hapa kifuani, mahali pale pale.

Nitajaribu kuandika kwa haki. Shule niliiacha katikati ya sekondari, kwa hiyo sijui kama mambo ya mwaka mmoja yanaandikwa namna hii, kwa kuanza na wivu. Lakini mwaka ule nikiuondolea wivu sioni kinachobaki. Na kumwonea mtu wivu si kusema kwamba yeye ni mbaya. Kavira hakuwa mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa.

Sekretaria ya Mama Kanyere ilikuwa chumba kimoja cha mbao pale Mususa, mjini Butembo, rangi ya samawati nje, ndani hakuna rangi. Upande wa kushoto kulikuwa na fotokopi iliyonuka moto kila ikifanya kazi, katikati kaunta, na nyuma ya kaunta, karibu na dirisha, meza yangu na mashini. Asubuhi Butembo kuna baridi, tulikuwa tunafanya kazi tumejifunika vikwembe mabegani, na wanafunzi wa chuo walikuja na karatasi zao zimekunjwa ndani ya makoti, maandiko ya mkono, wanataka tuwapigie kazi zao za mwisho wa masomo. Mashini ile ilikuwa mzee tayari. Ukiiwasha, unaweza kwenda kwa jirani kununua mandazi, kuongea kidogo, kurudi, na bado inazunguka. Ilipata moto, kwa hiyo niliipandisha juu ya vifuniko viwili vya kopo ili ipate hewa chini. Wakati mwingine ilizimika katikati ya sentensi bila kuaga mtu. Herufi M haikuitika mpaka uipige kwa nguvu kama unafukuza kuku. Mimi peke yangu nilijua haya yote. Nilijua sauti inayotoa kabla ya kuzimika, nilijua wakati wa kuhifadhi maandiko na wakati wa kuiacha ipumue. Wateja walisema, "Muitie Masika, ile mashini inasikia yeye tu." Nilikuwa msichana asiye na diploma, sina bwana, sina shamba, lakini nilikuwa na kitu ambacho kinanisikia mimi tu. Sidhani kama nimewahi kuwa na kingine tangu pale.

Kavira alifika wakati wa mvua. Kwao kulikuwa kijiji upande wa Beni, watu walikimbia vita, yeye akapanda Butembo na mfuko mmoja na sahani mbili zilizofungwa katika taulo. Mama Kanyere alikuwa rafiki wa mama yake, akamchukua, akamweka kwenye fotokopi. Alikuwa mdogo kuliko mimi, ana diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, na aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku ya kwanza, Yaya Masika, kwa heshima ya kweli, hata sikupata mahali pa kumshika. Mchana tulikula pamoja, wote watatu, bugali na maharagwe na kipande cha makayabu katika sahani moja. Kavira alisukuma samaki upande wangu kwa ncha ya kidole, polepole, akidhani sioni. Niliona. Nilikula yule samaki na hakunipendeza. Najua ni aibu kumwonea wivu mtu aliyefika na sahani mbili. Nilijiambia hivyo kila siku nikinawa mikono.

Siku moja umeme ulikuwa umekatika, tunangoja wenzetu wa jirani wawashe gurupu, jenereta yao, Kavira akakaa mbele ya mashini iliyozimika na kuweka vidole juu ya herufi. Alicheza tu, mashini haikuwa na uhai. Lakini niliona vidole vyake. Vyote kumi vilitembea, kila kimoja kwenye njia yake, na macho yake yalikuwa dirishani. Mimi nilipiga kwa vidole viwili, na cha tatu siku za haraka. Mama Kanyere naye aliona. Alikuwa mfanyabiashara, hakusema mpaka amekwisha kupima.

Juma lile nilikuwa nyuma ya pazia nakata karatasi, wao wakiwa kwenye kaunta, nikawasikia.

"Mama, iyi mashini hapana ya kutupa," Kavira alisema. "Kaka yangu Kasereka anafanyaka iyi kazi kule Beni. Ukiwekea diski mupya na bareti ingine, itatembea kama ya leo."

"Bareti ni nini?"

"Ni kama... kumbukumbu yake, Mama. Ile ya kutumikia. Iko ndogo, njo maana inachoka."

"Mafundi ya hapa Butembo banasema ninunue ingine."

"Beye banauza, Mama. Kasereka anatengeneza."

Kisha Mama Kanyere akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Mashini iko moja, mutu wa kuikalia iko moja. Ikipona, tutaona nani anaikalia."

Nilisimama na makasi mkononi. Nilielewa vizuri. Mashini ikibaki mgonjwa, hakuna atakayeiweza ila mimi. Ikipona, kila mtu ataiweza, na mwenye vidole kumi atakaa dirishani.

Sasa tazama namna mambo yanavyopangwa. Kasereka hakuweza kuja Butembo, alikuwa na kazi nyingi, na Mama Kanyere hakuweza kumpa fundi mashini na kumwacha nayo. Kwetu hakuna anayefanya hivyo. Fundi akifungua kitu chako, unakaa mbele yake mpaka afunge, la sivyo utarudi na mashini yenye sura ya yako na matumbo ya mwingine. Kwa hiyo ilibidi mtu aende Beni kukaa mbele ya Kasereka. Kavira hakufaa kumlinda kaka yake. "Masika njo ataenda," Mama alisema. "Anaijua. Hata wakibadilisha musumari atajua." Ilikuwa sifa, na niliipokea kama sifa. Baadaye tu, nikilala, niliona kwamba nimetumwa kwenda kulinda kazi itakayoniondoa.

Bareti Mama alikwenda kuinunua mwenyewe kwa wafanyabiashara wanaoleta vitu kutoka ng'ambo. Aliifunga ndani ya kitambaa cha mkono, akanipa pamoja na jina la Kasereka. Shida ilikuwa njia. Kwenye vizuizi, askari wakiona laptop huuliza karatasi ya kununulia, na karatasi hiyo ilikuwa imepotea zamani. Kavira ndiye aliyepata akili. "Yaya, umubebe mu mugongo. Mama mwenye mutoto habamusumbue." Akanifunga yeye mwenyewe. Aliiviringisha mashini ndani ya blanketi, akainamisha mgongo wangu, akakaza kikwembe, akanigeuza, akaniangalia. "Inakupendeza," akasema. Tukacheka wote. Nacheka hata sasa nikiandika. Kisha nilipotoka niligeuka nikaona amekaa kwenye kiti changu ili kulinda meza, kama alivyoagizwa, na kicheko kikaisha.

Katika taksi niliketi mbele, nafasi ya mama mwenye mtoto. Barabara ilikuwa mbovu, kila shimo nililiinulia mgongo. Kabla ya kizuizi cha kwanza dereva akaniinamia bila kutoa macho barabarani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ficha kitovu ya mutoto. Inaninginia." Nilishika nyuma. Waya wa chaji ulikuwa umetoka chini ya kikwembe, unacheza na mwendo wa gari. Nikaurudisha. Askari, mtu wa mbali, wa Lingala, akaingiza kichwa dirishani.

"Mwana azolala?"

"Analala, chef."

"Ni mwanaume?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. "Mwanamuke," nikasema.

"Anafanana baba yake?"

"Hapana. Ananifanana miye."

Akapiga paa la gari kwa kiganja, tukapita. Dereva alicheka mpaka Beni. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimesema kweli, nadhani.

Beni kulikuwa joto, nikavua sweta mara moja. Kasereka alifanya kazi chini ya baraza la nyumba, mbele ya uwanja ambapo kakao ilikuwa imeanikwa juu ya turubai, na ile harufu yake chachu ilijaa kila mahali. Alikuwa na sura ya Kavira iliyochongwa katika mti mgumu zaidi. Aliponiona navuta kigoda mpaka goti langu likagusa meza yake, akatabasamu.

"Mama Kanyere amekutuma unilinde."

"Eh."

"Kaa karibu basi. Ata kiu ikikushika usiende kunywa maji, nitaiba moteri."

Aliigeuza, akafungua misumari mmoja mmoja, akaiweka katika kifuniko. Ndani sikuwahi kuona. Kulikuwa na vumbi limeshikana kama manyoya ya paka, na juu ya chuma kidogo kulikuwa na kitu kikavu kama bugali ya jana kwenye sufuria. "Iyi njo ilikuwa inaileta homa," alisema, akakikwangua kwa kipande cha kadi. Alipuliza, alifuta, alipaka dawa mpya nyeupe. Nitasema kweli, nilimwonea wivu hata yeye. Miaka ile yote nilikuwa nimesikiliza kutoka nje, na yeye kwa mara moja tu amefika ndani.

Kisha akaomba bareti. Nikafungua kitambaa. Akaitazama, akaiweka kando ya ile ya zamani aliyokuwa ameitoa. Ya Mama ilikuwa ndefu karibu mara mbili. Hakucheka kwa sauti, mabega tu yalitikisika.

"Iyi ni ya mashini kubwa ya mezani. Nani alichagua?"

"Mama mwenyewe."

"Alichagua namna gani?"

"Balimuonyesha fupi na ndefu. Akakamata ndefu."

"Kama kikwembe."

"Kama kikwembe," nikasema, na sote wawili tukatazama chini.

Akaniambia hali ilivyo. Bareti ya zamani ilikuwa imeharibika, ndiyo iliyokuwa ikizima mashini. Diski mpya alikuwa nayo mwenyewe, lakini akiiweka pamoja na bareti mbovu, maandiko ya watu yatakuwa yanachafuka, na watu watasema ni Kasereka. Hafanyi nusu. Alikuwa na bareti fupi nzuri, aliyoitoa katika laptop iliyovunjika kioo, angeweza kubadilishana na ile ndefu, kwani ndefu nayo ina mteja wake. "Mais ni kitu ya Mama Kanyere, hapana yangu. Umupigie simu aseme."

Nilipiga. Mtandao haukuwepo. Nilipiga tena nikisimama karibu na barabara, nikapiga tena karibu na kakao. Hakuna. Nikarudi kukaa. Kasereka alikuwa amekunja mikono.

"Donc, ni weye," akasema. "Nibadilishe, ao nifunge urudi nayo vile?"

Ningeweza kusema funga. Na hapa ndipo nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu nimejisimulia saa ile mara nyingi na kila mara najipendelea. Ningeweza kurudi Butembo na kusema bareti haikuingia, na haingekuwa uongo hata neno moja. Mama angenisifu kwa kutokubali kitu chake kibadilishwe bila ruhusa. Mashini ingeendelea kukohoa, na mimi ningeendelea kukaa dirishani. Kila kitu kilikuwa tayari kwa ajili yangu, safi, hakuna dhambi ndani yake. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri wanafunzi waliopoteza kurasa zao, au sahani mbili za Kavira. Sikumbuki kufikiri hayo. Nakumbuka mashini ilikuwa wazi mbele yangu, matumbo nje, imesafishwa, na sikuweza kumwambia mtu aifunge ikiwa bado mgonjwa. Basi.

"Badilisha," nikasema.

Ilipowaka, iliwaka kabla sijapanga kikwembe changu vizuri magotini. Nilidhani ni kosa. Nikamwambia aizime aiwashe tena. Ikawaka tena hivyo hivyo. Niliuliza juu ya M. "Klavye, iyi ya herufi, sina," Kasereka alisema. "Iyo utavumilia." Nilifurahi kusikia hivyo kuliko nilivyofurahi kwa yale mengine yote.

Mama Kanyere hakukasirika kwa bareti yake ndefu. Alisema wafanyabiashara wa siku hizi hawaelezi watu. Aliiwasha mashini, akapiga makofi. Halafu akasema, akiwa bado anaangalia kioo, "Masika, umupishe Kavira kidogo tuone." Nikampisha. Kidogo kile kilidumu mwaka mzima. Kavira alipiga mstari wa kwanza, na kioo kikaonyesha "aa Kanyere", bila M hata moja. Akashtuka. "Piga M kwa nguvu," nikamwambia. Hicho ndicho kitu pekee nilichomfundisha kwenye mashini ile.

Mimi niliwekwa kwenye kaunta kupokea karatasi. Siku ya pili Kavira alisimama katikati ya ukurasa, akageuza karatasi, akaileta karibu na dirisha. Mwanafunzi alikuwa ameandika kama mtu aliye juu ya pikipiki. "Yaya, hapa kunaandikwa nini?" Nikamsomea. Kwangu haikuwa shida, miandiko nilikuwa nimeizoea. Nikamsomea sentensi iliyofuata pia, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale tayari, na vidole vyake vikaifuata sauti yangu. Tangu siku ile tulifanya kazi hivyo, mimi nasoma, yeye anapiga, siku nzima, kilimo, sheria, mapato ya kanisa, barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa. Tulimaliza kwa siku kile ambacho peke yangu nilikimaliza kwa juma. Wateja waliongezeka. Nilisikia Mama akimwambia jirani, "Bale wawili ni kama mutu moja mwenye kinywa na mikono." Jirani akauliza nani ni kinywa. Mama akajibu, "Masika," na wakacheka, na sikujua kama ni vizuri kuwa kinywa. Niliendelea kumwangalia Kavira kutoka nyuma, shingo yake iliyonyooka, mwanga wa dirisha ulioangukia mikono yake na si yangu, na hakuna siku mwaka ule ambayo sikukitaka kile kiti. Mwisho wake Kavira alipata kazi ya ualimu, akaolewa, akashuka Beni. Nilirudi kukaa dirishani. Mashini haikunisikia tena mimi tu. Ilimsikia kila mtu.

Pale matangani, mchana, Paluku, mtoto wa Mama, akaja na karatasi mkononi. Katekista alikuwa ameandika mpangilio wa misa na ilitakiwa kupigwa upesi watu wapate nakala. "Nani anaweza soma iyi mwandiko?" akauliza. "Miye ninaona miguu ya kuku tu."

Niliinuka. Ilikuwa kazi yangu. Lakini Kavira naye alikuwa ameinuka, akaacha kiti chake, akaivuta mashini kidogo upande wangu.

"Yaya Masika, kaa weye. Macho yangu hapana inapenda tena kioo. Hii miwani ni ya karatasi."

Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbele yake yeye akiwa amesimama nyuma. Uzi wangu mweusi ulikuwa bado umekaza. Kavira akainua karatasi ya katekista, na nikangoja asite, niko tayari kunyoosha mkono niseme lete nikusomee. Hakusita. Alisoma kama mtu anayesoma kitabu kilichochapwa, miandiko ya watoto wa shule imempa macho ambayo hakuwa nayo, na sauti yake ilikwenda polepole, ikisimama mwisho wa kila sentensi ili mwenye kupiga apumue, hasa kama nilivyokuwa nikimsomea. Basi na hilo nalo amelichukua, nikawaza. Hata hilo.

"'Misa ya kumuombea Mama Kanyere,'" akasoma, kisha akainama karibu na sikio langu. "Piga M kwa nguvu, Yaya."

"Najua," nikamwambia.

Nilijua kabla yake. Nikaipiga kwa nguvu.